Mwongozo wa Bwana Zumbühl

Itangazwe kwa wakazi wote wa Stockholm na viunga vyake, kuanzia Rinkeby hadi Fittja, kwamba Umoja wa Waswahili umepata mwongozo wa kudumu: maisha na utumishi wa Kaspar Zumbühl, mwanasiasa Mswisi wa karne ya kumi na tisa.

Waliouliza Mswisi huyo anatuhusu nini walijibiwa kwamba wanarudisha nyuma maendeleo. Mwenyekiti Eliakim alikuwa amemsoma mwenyewe, kurasa mbili za mwanzo, ndani ya treni ya kwenda kazini, na alichokiona kilimtosha. Zumbühl alikaa serikalini miaka ishirini na saba. Hakuchaguliwa na wananchi, alichaguliwa na Baraza. Na kwa kuwa wajumbe wote wa Baraza la Umoja waliteuliwa na Eliakim, mfumo huo ulimgusa moyoni. Kipindi chake mwenyewe kilikuwa kinaisha Jumamosi ya mkutano mkuu. Bila uenyekiti angekuwa mtu wa kukaa nyuma na kusubiri pilau kama wengine, na wazo hilo lilimtia hofu ya kweli.

Ukumbi wa Fittja ulijaa. Wasifu ulisomwa na Tracy, mwanafunzi wa chuo cha Flemingsberg, mzaliwa wa hukuhuku. Katibu Clement alimteua kwa sababu Kiswahili chake hakingeweza kuleta matata.

"Kila akitaka kuendelea," Tracy akasoma, "Zumbühl alirudi kwanza kwao, watu wa kwao wampigie kura. Halafu ndiyo Baraza linamchagua tena. Alltså, yaani, kwao wakimkataa, imeisha."

Eliakim akakohoa. "Huo ni ukurasa wa ngapi?"

"Wa tatu, anko."

"Président, mwongozo ni mwongozo," akasema Évode, Mrundi aliyesimama karibu na mlango. Ukumbi ukaitikia.

Clement, asiyependa taratibu zikiukwe, akatoa ufafanuzi: kwao Mwenyekiti ni tawi la Fittja, na wanachama wa tawi wapo, yaani mkewe Adelina na majirani zao. Eliakim akashusha pumzi, hata akatabasamu. Nani wa kumwangusha, mke wake?

Wanaomtaka wakaombwa kunyoosha mikono. Majirani wakamtazama Adelina kwanza. Adelina alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama Queen," Eliakim akanong'ona, kwa sauti iliyofika jikoni, "tunapiga kura."

"Nimesikia, Baba Queen. Kila Jumapili mtoto ananiuliza baba yuko wapi, namjibu yuko kikaoni. Nimechoka kuwa msemaji wako."

Hakunyoosha. Majirani nao mikono ikawa mizito.

Clement akatangaza kwamba Mwenyekiti amekataliwa kwao kwa kauli moja, akampongeza kwa kutuletea mwongozo uliofanya kazi haraka hivyo. Makofi yakapigwa, marefu kuliko aliyowahi kupigiwa akiwa madarakani.

"Nakata rufaa," akasema Eliakim.

"Ni haki yako, mzee," Clement akajibu kwa huzuni ya dhati. "Ila rufaa hupelekwa kwa Mwenyekiti, na kwa sasa hatuna."