Kalvati Letu Lisizibuliwe Mpaka Lini?

Gashonga, Rusizi

Kwa Mheshimiwa Profesa, Msimamizi wa Utafiti wa Barabara na Maji,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mimi ni Akilimali, baba yake Bella, mkulima wa ndizi. Nyumba yangu iko chini ya barabara ya malori ya simenti. Nawaandikia kwa heshima zote, ingawa miguu yangu imelowa.

Mwanafunzi wenu Muhigirwa, anayetafuta udaktari wa chuo, si wa sindano, alichagua makalvati mawili yanayopitisha maji chini ya barabara hiyo. La kwa jirani yangu Habumugisha lizibuliwe kila mwezi. La kwetu libaki na matope yake, ili apime tofauti. Kwenye mkutano nilipiga makofi sana. Sikujua kwamba tofauti yenyewe ni mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvua ikinyesha, maji yanapanda barabara, yanashuka kwangu na kuingia jikoni kwa mke wangu, Maman Bella, bila hodi. Maharage yameota ndani ya gunia. Ukuta umevimba, na yeye akipika anauangalia ukuta zaidi kuliko sufuria. Mungu wangu, ukimwangukia je? Silali kwa hofu.

2. Sisi tukilia, Muhigirwa anafurahi. Juzi alikuja mbio na pikipiki kutoka mjini Kamembe katikati ya mvua, akasimamisha rula yake sebuleni, akatushukuru kwa ushirikiano. Viti vilikuwa vinaelea.

3. Siku ya umuganda, Jumamosi ile ya kazi ya pamoja, nilishika jembe nizibue mwenyewe. Kijiji kizima kikanizuia, eti naharibu sayansi. Jamani, tangu lini matope yakawekewa walinzi?

4. Kwa kuwa utafiti lazima uendelee, naomba tubadilishane: Habumugisha apate mafuriko, mimi nipimwe nikiwa mkavu. Ni jirani mwema, atazoea. Ikishindikana, kalvati lililoziba lihamishiwe mbele ya nyumba yenu, Profesa, mpime mkiwa kitandani.

5. Na hilo nalo likishindikana, udaktari apewe Maman Bella. Muhigirwa anapima, kisha anakwenda kulala pakavu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nasubiri jibu lenu kabla ukuta haujajibu wenyewe. Msalimieni mama wa nyumbani kwenu, walimu wote, karani wa mlangoni, na kila mtu hapo chuoni mwenye soksi kavu.

Wenu mtiifu anayelowana,
Akilimali, Papa Bella

N.B. Maman Bella, aliyesimama nyuma yangu nikiandika, ametoka kwenda sokoni, basi naongeza haraka. Leo Muhigirwa amenionyesha ukurasa wa kitabu chake: picha ya nyumba yetu, na chini yake maandishi, Kalvati la Akilimali. Kumbe Habumugisha naye ameuona, na sasa anataka kuwaomba mumpe yeye kalvati bovu. Tafadhali Profesa, asipewe! Hata mwezi mmoja! Matope ni yangu. Jiko la Maman Bella tutalihamishia kwa Habumugisha. Kwake ni pakavu.