Matanga Nyumbani kwa Boaz

Jumatatu, 3 Juni 2024

Merikebu imekamilika, bado matanga tu. Milingoti mitatu! Yote kwa maboksi ya viatu, gundi ya mbao, wembe, vijiti vya mishikaki na uzi wa cherehani. Mbavu nimezipinda kwa mvuke wa birika mpaka zikatii. Hakuna mtu Katoro nzima aliyewahi kutengeneza kitu kama hiki. Hakuna aliyewahi kukiona pia.

Wateja wanalalamika eti viatu vyangu havina maboksi. Mama mmoja leo kasema zawadi ya harusi haiwezi kufungwa kwenye gazeti. Nikamwambia maboksi yameadimika nchi nzima. Kaenda duka la ng'ambo ya barabara, akatoka na boksi. Kanionyesha!

Jioni: mimi na redio. Tangu mama Nelly afariki, nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyoijenga. Binti yetu Nelly yuko Mwanza na mume na mtoto. Nikimpigia nasema simu ilijibonyeza yenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Nimeipeleka merikebu dukani, nikaiweka juu ya kabati la mbele, isiyoweza kukwepeka. Ikakwepwa. Watu wa hapa hutembea macho chini, kama vile kuna mtu kaangusha dhahabu barabarani.

Aliyesimama ni Onesmo peke yake, fundi pikipiki wa jirani. Kaizunguka. Kauliza kama ni kanisa. Nikamweleza mlingoti, tanga, upepo. Akasema upepo tunao, maji je? Kwa nini nisitengeneze katapila, kitu ambacho watu wa migodini wanakijua?

Halafu, kabla jua halijazama, katengeneza yeye! Katapila la boksi, mkono unanyanyuka kwa mabomba ya sindano yaliyojaa maji. Kaliweka mbele ya gereji, linachota mchanga. Umati! Bodaboda wakazima injini. Hata mteja wangu kakimbilia huko, kiatu changu kipya mguu mmoja, ndala yake mguu wa pili.

Nililiangalia kwa mbali. Limekatwa ovyo. Gundi inaonekana. Na mkono, lazima nikiri, unanyanyuka vizuri.

Nimerudi na merikebu nyumbani chini ya kanga, kama mwizi wa kuku.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango! Watu waje kwangu. Sebuleni hakuna katapila la kunishinda.

Mwaliko uwe mfupi, wenye fumbo. Nikiandika "merikebu", Onesmo atawaambia ni kanisa. Leo nimemaliza matanga, karatasi ya kaki nyembamba, yametuna kama yanavuta pumzi. Ndiyo fahari yangu yote. Basi nikachukua manila na rangi: KESHO JUMAMOSI, MATANGA NYUMBANI KWA BOAZ MUUZA VIATU. NYOTE KARIBUNI. Nikabandika mlangoni, nikafunga duka mapema.

Nimenunua biskuti na soda. Merikebu ipo mezani, imefunikwa kanga, nitaifunua kwa ghafla. Wakija wachache tu nitaridhika.

Hapana, uongo. Nataka wajae.

Jumamosi, 8 Juni

Wamejaa. Naandika nikiwa chooni, hapa ndipo pekee palipobaki nafasi.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Shamimu, muuza vitenge wa nyumba ya pili, na wanawake wa mtaa mzima nyuma yake. Wana kuni. Wana unga. Wana sufuria ambayo ningeweza kuogea. Nikadhani, kumbe wanapenda sanaa kiasi hiki! Nikawakaribisha kwa tabasamu. Mama Shamimu kaniangalia lile tabasamu, kanishika mkono.

"Baba Nelly, usijikaze. Lia tu."

Ndipo nikaelewa. Matanga! Watu hawakusoma matanga ya chombo. Walisoma matanga ya msiba!

Nilifungua kinywa kusahihisha. Akaniambia nisiongee, nikae. Nikakaa. Bibi mmoja mzee kaanguka mkekani akimlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane!", na kunisimulia mumewe aliyekufa. Wanaume wakatoa meza na makochi nje, wakafunga turubai. Onesmo kafunga gereji, gereji ambayo haifungwi hata sikukuu, kaleta mabenchi kichwani. Kaniuliza kwa sauti ya chini tunazika wapi.

Nikasema Tinde. Neno lilitoka lenyewe! Ndiko nilikozaliwa, hata si uongo kamili. Sasa wanatafuta gari la kwenda Tinde.

Nitawaambia. Nitawaambia baada ya chai. Ila wananisogezea sahani. Wananiuliza kama nimelala. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala tangu mwaka juzi. Nitawaambia baada ya ugali.

Wanagonga mlango. Wanadhani nimezimia.

Jumapili, 9 Juni

Aibu. Aibu kubwa. Ila niandike.

Baada ya ugali sikusema. Wakalala kwangu, wanawake ndani, wanaume nje, mimi katikati ya mikoromo ya watu. Usingizi mtamu kuliko wote wa miaka hii! Nikajiambia, asubuhi.

Asubuhi gari la Tinde likapiga honi mlangoni. Kabla sijapata la kusema, kilio kikasikika kutoka barabarani. Nelly! Kumbe mtu kampigia simu jana, kamwambia kuna msiba kwa baba yako, mtandao ukakata. Akawa ananipigia mimi, na simu yangu ilikuwa imekaliwa chini ya mikeka. Kafika kwa basi la kwanza, hana kiatu kimoja, analia baba yangu, baba yangu.

Watu wakapisha njia. Mwisho wa njia nilikuwa mimi, na kiporo cha ugali mkononi.

Nelly kanikumbatia mpaka sahani ikaanguka. Halafu kanisukuma kifuani.

"Baba, nani amekufa?"

Hata honi ilinyamaza.

Nikasema hakuna. Nikasema matanga niliyoandika ni ya merikebu, ya karatasi, ngoja niwaonyeshe mtaelewa. Nikakimbilia kwenye meza iliyotolewa nje. Meza ipo. Merikebu haipo. Chini ya meza, kanga imekunjwa vizuri.

Mama Shamimu kauliza kilikuwa kitu gani. Nikasema kitu cha maboksi, kina vijiti juu. Wanawake wakatazamana, halafu wakatazama mafiga. Jana kuni zilikuwa mbichi, wakasema. Waliona maboksi yamebandikwabandikwa pale, makavu, wakashukuru Mungu.

Nikaketi chini, pale pale kwenye majivu, nikalia. Sasa nililia kweli, kwa sauti, kamasi na kila kitu. Onesmo alikuwa ameanza kucheka, akaacha.

Mama Shamimu alikuwa amekasirika, kanga imefungwa kiunoni tayari kunisema. Kanitazama, kailegeza. Kasema, "Haya. Pole, Baba Nelly." Halafu kachukua unga uliobaki na sufuria yake, kaondoka, na mtaa wote nyuma yake.

Jumatatu, 10 Juni

Nelly kabaki. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Alifagia majivu, akapika, akaniuliza ilikuwaje, ile merikebu. Nikamchorea kwenye ganda la boksi. Akashika wembe, akakata mbavu moja, vibaya sana. Nikamwambia ni nzuri. Tukakata nyingine. Hatukuwasha redio.

Jioni stendi, basi likinguruma, kasema: "Baba, ukinitaka sema 'njoo'. Neno moja tu. Usiniue tena na presha." Nikasema nimekuelewa mwanangu. Nikapunga mkono mpaka basi likawa vumbi.

Nyumba kubwa leo.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango! Huu hauna kasoro. Nitatangaza kwamba naoa. Bibi harusi msichana mdogo wa Geita, mgeni kabisa, hakuna atakayeweza kumuulizia. Nelly akisikia tu atapanda basi la kwanza kuja kunizuia, na safari hii hatalia, atakuja na hasira, hasira haina madhara kwa presha. Nimefikiria kila kitu! Mwezi ujao, nikishamaliza kuandaa kadi za mwaliko.

Nelly kapiga simu mchana, nikiwa katikati ya kukata kadi. Kasema Jumapili hii wote wana nafasi, yeye, mumewe Wiliam na mtoto, wanataka kuja kushinda kwangu. Kasema mtoto anamuulizia babu.

Nikamwambia wasije. Watanivurugia mpango.