Dinosaria Wangu Kwenye Mnada wa Sadaka

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kanisa zima. Tena nikiwa nimevaa suti.

Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu: dinosaria wenye pembe. (Ndiyo, nina mke na nina kazi. Endeleeni kusoma.) Nawafinyanga kwa udongo hapa nyumbani Makole, maana naamini wangekuwa midoli mizuri ya kukusanya. Yupo Triceratops, pembe tatu. Yupo Styracosaurus, ambaye pembe zimemzunguka kichwa mpaka unajiuliza alikuwa analalaje. Yupo Pachyrhinosaurus, ambaye badala ya pembe puani ana nundu. Mgogo yeyote mwenye ng'ombe akimwona huyo atauliza amejigonga wapi.

Chanzo ni kijijini kwetu Mvumi. Utotoni tulikuwa tunafinyanga ng'ombe kule korongoni, kila mtoto na kundi lake na zizi lake la miiba. Tuliwachunga, tukawanywesha, tukaoza dada zetu kwa ng'ombe hao hao wa udongo. Siku moja nikaona picha ya Triceratops kwenye kitabu cha shule. Kesho yake nikaingia korongoni na ng'ombe wa pembe tatu. Wenzangu wakamkatalia kuingia zizini, wakisema ataua ndama. Nilikuwa na furaha siku ile ambayo sijaipata tena, hata nilipopandishwa cheo. Huyo nimekuwa naye mpaka leo, kichwa kikubwa kuliko mwili.

Sasa leo. Mwenye duka la midoli mjini alikubali nimpelekee sampuli baada ya ibada. Nikawafunga wote kwenye mfuko mbadala wa kijani (hii ya kitambaa, si ya plastiki), na yule wa utotoni nikamweka humo aniletee bahati. Mfuko mwingine wa kijani ulikuwa na karanga za sadaka. Mmeshaelewa. Mimi sikuelewa mpaka tulipotoka nje kwenye mnada wa sadaka, kuku wawili na boga wakiwa wameshauzwa.

"Hapa tuna ng'ombe," Mzee Yona, mnadi wetu, akasema. Akamgeuza Styracosaurus. "Nadhani ni ng'ombe. Sijui majani anakula vipi."

Watu wakacheka. Ningesema nimekosea mfuko, lakini sadaka ikishaombewa, nani ana uso wa kuidai? Nikamwacha Styracosaurus aende. Mwenye nundu akachukuliwa na mtoto wa mchungaji. Nilikuwa namsubiri mmoja tu.

Alipoinuliwa yule wa Mvumi, nikanyoosha mkono. Nyuma ya miamvuli ya akina mama, mkono mwingine ukanyooka. Nikapandisha. Ukapandisha. Nikapandisha tena, jua la utosi. Nilishamwona kipenzi changu akivunjika kwenye sakafu ya mtu asiyemjua. Nikapanda juu ya benchi (suti, jamani).

"Mzee Yona, mwambie huyo bibi akanunue kuku! Dinosaria wa nini kwake?"

Mwamvuli mmoja ukashushwa taratibu. Chini yake alikuwa mama yangu mzazi, aliyekuja jana kutoka Mvumi kututembelea, na ambaye niliingia naye kanisani asubuhi kabla hajaenda kukaa na akina mama wenzake.

"Bibi ni mimi, Elia," akasema. "Shuka hapo, utachana suruali."

Kanisa lilivunjika mbavu. Mkuu wangu wa kazi alikuwa anarekodi.

"Mama, mnyama huyu unamjua?" Mzee Yona akauliza.

"Nilimchoma mwenyewe jikoni kwangu. Elia huyu alikataa kula, amekaa pembeni ya mafiga anasubiri apoe, na mimi nikakaa naye." Akaukunja mwamvuli wake. "Nilidhani ameshapotea."

Nilikuwa nimesahau kabisa hiyo jioni. Miaka yote hii nimejua yule ng'ombe ni wangu peke yangu. Nikashuka kwenye benchi, nikamwomba mama msamaha, na nilitamani sana kulia lakini kamera ilikuwa bado inanitazama.

Mama akashinda mnada. Amerudi naye nyumbani kamfunga kwenye kanga, na kesho anaondoka naye kwenda Mvumi. Nimembembeleza aniachie nikamwonyeshe mwenye duka. Amekataa, akasema nimpige picha inatosha.

Ndiyo hiyo hapo juu. Chekeni taratibu, na msiniulize hicho kidole gumba ni cha nani. Ni cha mama. Hakutaka kumwachia hata kwa picha.