Lita Kumi na Haidromita Moja

Jumatano, 3 Juni
Imeanza! Lita kumi za bia yangu mwenyewe zimo kwenye ndoo nyeupe yenye bomba, chini ya meza ya jikoni. Jumamosi ya wiki ijayo baba mkwe anaagwa kazini, miaka thelathini ya kukagua mizani za wafanyabiashara. Nimeahidi mbele ya ukoo mzima: bia juu yangu, tena ya kupika mwenyewe. Kaka wa mke wangu, shemeji tunayemwita Kreti kwa kuwa haendi kokote bila kreti ya bia, nimempiga marufuku kuleta hata chupa. Miaka tisa ya ndoa na baba mkwe hajanisifu hata mara moja. Safari hii lazima aseme neno.

Alhamisi, 4 Juni
Roho juu. Inachachuka au imelala? Jirani, mstaafu wa maabara, kaniazima haidromita: kijiti cha kioo chenye namba, kinachoelea. Unakinga glasi moja bombani, unamimina kwenye mrija mpana, unatumbukiza kijiti, unasoma. Bia mbichi ni 1050. Sukari ikigeuka pombe, namba inashuka. Ikigota siku tatu mfululizo, bia imeiva. Kanionya nisifungue mfuniko kamwe, wala nisirudishe ndooni bia iliyopimwa, itaingiza vijidudu. Nimepima: 1048. Iliyopimwa nikainywa. Kuimwaga ni kufuru.

Ijumaa, 5 Juni
Asubuhi 1041. Saa nne 1043! Inapandaje? Nikakinga nyingine, 1041. Kumbe vipovu vilikuwa vimekishika kijiti vikakiinua. Nikakinga ya nne, kuhakikisha. Jirani anasema mara moja kwa siku yatosha. Yeye hana mkwe.

Jumatatu, 8 Juni
1022. Kreti kapiga simu kuuliza hali ya mgonjwa. Mgonjwa! Kifua kikanibana, nikapima mara saba. Nilipomaliza kifua kilikuwa shwari kabisa, hata nikaimba.

Jioni mke wangu aliisogeza ndoo apige deki, akashangaa mbona nyepesi. Nikamwelimisha: uzito umeshuka kutoka 1050 hadi 1022, ndoo itaachaje kuwa nyepesi? Akaendelea kupiga deki. Sayansi si ya kila mtu.

Alhamisi, 11 Juni
1010. Imegota, au inanihadaa? Nimepima kabla ya chai, baada ya chai, na badala ya chakula cha mchana. 1010 zote. Mke wangu ananishauri nipumzike kupima, eti nanuka. Nimempa daftari aone vipimo vyote, saa na dakika. Hakulifungua.

Jumamosi, 13 Juni
Aibu! Wageni kumi na wawili, glasi mikononi. Baba mkwe mwenyewe akafungua bomba. Ikatoka nusu glasi, kisha mashapo, kisha ndoo ikakohoa. Nikaiinamisha. Tone moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba mkwe akaonja ile nusu. Akafumba macho. Akasema ni bia nzuri, kwa kweli nzuri sana, halafu akauliza iliyobaki iko wapi. Miaka tisa nangoja neno hilo! Kreti akatoka hadi kwenye gari akarudi na kreti tatu, eti za tahadhari. Wakamshangilia.

Baba mkwe akaomba daftari langu. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, midomo ikihesabu. Akasema ameona wengi wanaopunja kipimo, ila hajawahi kuona kipimo kinachopunja bidhaa. Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Maneno mazito yale: naye anaamini nimepunjwa.

Jumapili, 14 Juni
Nimeijaza ndoo maji. Haivuji. Basi kuna mwizi, na kikulacho ki nguoni mwako. Nani mwenye kiu ya lita kumi? Nani alikuja na kreti tatu, kama aliyejua mapema? Mke wangu alipotaka kunieleza jambo kuhusu glasi nilimkatiza. Ni kaka yake, lazima amtetee.

Asubuhi hii nimepika lita kumi nyingine. Baba mkwe kaahidi kupita baada ya siku kumi. Sitazembea tena: nitapima kila saa. Mwizi akigusa hata glasi moja, nitajua.

1050. Nimeshahakikisha mara tatu.