Punguzo la Vipofu

Mwaka 1984 Phineas Thuku alishuka Malindi na gunia la miwani aliyoinunua Mombasa kwa bei ya kutupa. Siku mbili alizurura sokoni akitazama watu tu, akagundua jambo moja: hapa tajiri haoni haya kulilia punguzo la thumuni. Siku ya tatu akakodi chumba, akavaa koti jeupe, akatundika ubao wa picha na tangazo: "Miwani shilingi mia nne. Asiyeona picha hata moja, mia moja tu." Na ili pasiwe na upendeleo, kila aliyepunguziwa angepewa cheti chenye muhuri. Haki iliyoje!

Wa kwanza kupofuka alikuwa Bwana Masha, mfanyabiashara wa nazi, ambaye juzi tu alimwona kuli akidokoa nazi ng'ambo ya barabara.

"Unaona nini ubaoni?"

"Ubao upi, daktari?"

Phineas akasikitika, akapokea mia, akaandika: mwenye cheti hiki haoni kitu. Masha akatoka na miwani mizito, akajigonga mlangoni. Kulalamika hawezi, aseme alidanganya? Kufikia Ijumaa nusu ya wenye maduka walitembea wakipapasa kuta.

Aliyelipa mia nne kamili ni Mama Kanze, mkulima wa upande wa Mambrui, ambaye macho yake yalikuwa yakififia kweli. Maskini, hakujua kudanganya. Alikaza macho mpaka machozi yakamtoka, akamtaja ng'ombe.

"Hongera, mama! Unaona vizuri."

Zile ndizo zilikuwa pesa zake za kwenda kutibiwa Mombasa, na miwani ilikuwa vioo vitupu. Bintiye, Nyevu, alilia kwa hasira usiku mzima.

Asubuhi Phineas akifunga virago, Nyevu akaingia akipapasa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Unaona nini pale?"

"Kwani kumekucha?"

Phineas hakuweza kuiachia mia ya mwisho. Akagonga muhuri. Nyevu akashukuru, akainama kutafuta kikapu chake, akainua mkoba wa daktari wenye mapato yote, na akatoka bila kugusa hata kizingiti.

Phineas alipozinduka na kumkamata mbele ya kituo cha polisi, mikono ya Nyevu ilikuwa mitupu.

"Afande, kaniibia mkoba!"

"Nilidhani ni kikapu changu," Nyevu akasema kwa upole. "Nilipohisi sicho, nikauweka chini. Wapi, afande, asiyeona atajuaje?" Akatoa cheti.

Sajini Maina akakisoma kwa sauti.

"Muhuri ni wako?"

"Wangu, lakini huyu anaona!"

"Kwa hiyo unauza vyeti vya uongo?"

Phineas akageuka kutafuta shahidi. Masha na wenzake walikuwa wamejaa barabarani, na kila mmoja akaanza haraka kupapasa hewa. Phineas akamgeukia tena sajini.

"Haoni, afande. Haoni kabisa."

"Basi mpishe binti wa watu."

Saa nne basi la Mombasa liliondoka na Mama Kanze, mkoba wa daktari mapajani. Kando yake Nyevu alimsomea kila kibao cha barabarani, hata vile vidogo, mpaka kivukoni Kilifi.