Chujio la Kilomita Elfu Ishirini

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa madereva anastaafu mwisho wa mwezi. Meza yake, kiti chake cha kuzunguka na kabati la funguo za magari yote ya kampuni yetu ya upimaji wa viwanja vinatafuta mwenyewe. Mwenyewe ni mimi. Kikwazo ni Ratiba.

Ratiba ni dereva mwenzangu. Jina lake halisi tumelisahau. Gari lake likifika kilomita elfu tano tu, huyoo kwa fundi: oili mpya, filta mpya, mbio mbio kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Mama Meneja humsifu katika kila kikao. Nikizisikia sifa hizo hutoka nje nikijifanya napokea simu. Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme ukweli: ni wivu.

Lakini dawa ninayo. Pikapu yangu haijabadilishwa oili kwa kilomita elfu kumi na nane. Mwanzoni nilisahau. Sasa ni utafiti. Ikifika elfu ishirini nitasimama kikaoni na kutangaza kwamba Ratiba amekuwa akimwaga oili ambayo bado ni nzima miaka yote hii. Nani atamkabidhi funguo mtu wa namna hiyo?

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kwa fundi kujaza upepo tu. Akachungulia chini ya gari bila kuombwa! Akasema oili za siku hizi huweza kuvumilia safari ndefu, lakini filta niliyofunga ni ya kilomita elfu saba. Mpira wake unakauka kwa joto, unakuwa mgumu, halafu oili inaanza kupenya. Nikamuuliza filta kwa Kiswahili ni nini. Akasema chujio. Basi! Nyumbani tuna chujio la chai. Lina miaka kumi na moja, kila asubuhi na kila jioni, na chai inapita. Nani aliwahi kulibadilisha? Fundi akarudi kwenye tairi. Hoja nilishinda mimi.

Nimemsimulia mke wangu. Akasema lile chujio yeye huliosha. Mke wangu hupenda kuingiza vitu vidogo katika mazungumzo makubwa.

Alhamisi, 7 Machi

Doa! Jeusi, pana kama sahani, chini ya pikapu yangu pale maegesho. Mlinzi ndiye aliyenionyesha, tena kwa sauti ya kufika dirishani kwa Mama Meneja. Nikajitia hamnazo. Nikasema ni maji ya kiyoyozi. Akanijibu kwamba pikapu yangu haina kiyoyozi. Anajua mengi mno kwa mtu wa getini.

Nimepata njia. Kesho nitawahi kuliko wote, niegeshe kwenye nafasi ya Ratiba, nisubiri pikapu ivuje, kisha nihame. Doa litakuwa lake.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango ulikwenda sawasawa kwa dakika arobaini. Ratiba alifika, akaliona doa, akalala chali kwenye zege na shati lake jeupe kukagua gari lake. Nilicheka kimoyomoyo mpaka mbavu zikauma. Kisha akainuka, akachovya kidole, akanusa. Akamwambia Mama Meneja kwamba oili hii imezeeka sana, yake ingali na rangi ya asali. Imezeeka! Eti anatambua umri kwa pua! Mama Meneja akatutazama sote wawili, mimi kwa muda mrefu zaidi.

Ilibidi nizime maneno. Nikajitolea kuwapeleka wageni wa Jumanne kwenye viwanja vipya, Mama Meneja mwenyewe akikaa mbele, aone gari langu lilivyo zima. Akakubali. Akasema tukirudi atamtaja mkuu mpya wa madereva. Ratiba akanitakia safari njema. Mnafiki.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeikaza filta. Nimeazima spana ya mnyororo kwa jirani, nikakaza kwa mikono miwili, mguu ukiwa kwenye tairi. Kitu kikalia "kwii". Kabla ya hapo ilikuwa tone moja moja. Sasa ni uzi. Sielewi. Kitu kikikazwa hakivuji, hata kifuniko cha chupa kinajua hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Nimekubali kushindwa, lakini kidogo tu. Nimenunua filta mpya. Oili sibadilishi, kwa kuwa utafiti ni wa oili. Nimeongeza ile iliyopungua. Fundi sikumwita. Hana kifua, kila kitu angempelekea Ratiba.

Filta ya zamani ilitoka kwa taabu. Mpira wake haukutoka nayo, umeng'ang'ania pale juu kwenye injini. Nilitaka kuubandua. Kisha nikafikiri, maana mimi hufikiri. Filta mpya ina mpira wake. Wa zamani upo juu, mpya upo chini. Kama mpira mmoja unazuia oili, miwili je? Nikauacha. Nikafunga, nikawasha injini dakika moja. Hakuna hata tone! Mke wangu akauliza kama mafundi nao huacha mipira miwili. Nikamwambia mafundi hawana ubunifu. Wazo hili nalo nitalitangaza kikaoni.

Jumanne, 12 Machi

Ni saa tisa alasiri, nami niko nyumbani. Hilo peke yake linatosha kueleza.

Tulitoka vizuri. Mama Meneja mbele, wageni wawili nyuma. Nikamweleza utafiti wangu, elfu kumi na tisa na ushee. Akauliza maswali. Akaandika kitu! Nilishaanza kujiona nimekaa kwenye kile kiti, nazunguka. Tulipoanza kupanda kilima, taa nyekundu ya oili ikawaka. Akauliza ni taa ya nini. Nikasema inaonyesha kwamba oili inafanya kazi. Mgeni mmoja akasema barabara nyuma yetu imekuwa nyeusi. Nikasema ni lami. Akasema tuko kwenye changarawe.

Injini ikagonga mara tatu, ikazima. Nikafungua boneti. Oili yote imeishia barabarani, na ule mpira wa zamani umeteleza na kutokeza pembeni kama ulimi. Mama Meneja akashuka na viatu vyake vyeupe, akakanyaga utafiti wangu.

Aliyekuja kutuvuta ni nani? Ratiba, bila shaka. Kaja na kamba, na maji ya kunywa kwa wageni. Hakucheka. Heri angecheka. Aliniuliza kwa upole kama niliuacha mpira wa zamani, akasema hata yeye lilimkuta hilo mwaka wake wa kwanza. Wote wakahamia kwake. Mimi nikabaki peke yangu nyuma ya kamba, nimeshika usukani wa gari lililokufa, nakitazama kisogo chake kwa kilomita thelathini. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona. Nikalia kidogo, kwenye kona tu, ambako hakuweza kuniona kwenye kioo.

Ijumaa, 15 Machi

Fundi kathibitisha: injini haifai tena. Ratiba ndiye mkuu wa madereva. Mama Meneja alitaka unga wangu umwagike leo leo, Ratiba akanitetea. Akamwambia miaka yangu kumi na minne ya kazi si kitu cha kutupa. Akasema mbele ya watu! Sitamsamehe.

Nimeondolewa barabarani. Sasa mimi ni msimamizi wa jenereta, lile la nyuma ya jengo. Ratiba kanikabidhi karatasi yenye mwandiko wake: oili na filta zibadilishwe kila baada ya saa mia mbili, fundi aitwe, mimi nisiguse kitu. Nikatia saini. Nikakaa nalo asubuhi nzima, nikalisikiliza. Linanguruma vizuri sana. Na jambo moja hawakuliona hawa wataalamu: jenereta halitembei. Haliendi popote. Oili ya kitu kisichokwenda popote itachoka na nini?

Nimeifuta ile mia mbili, nimeandika mia tisa. Mwandiko wa Ratiba ni rahisi sana kuuiga.