Wiki Mbili na Ua la Marlys

Jumatatu, 1 Julai

Marlys kaondoka asubuhi kwenda Omaha kumuuguza dada yake aliyebadilishwa nyonga. Wiki mbili! Kaniachia nyumba, paka, na ua lake la vipepeo pale mbele ya baraza. Paka hanisumbui. Ua ndilo linaloninyima usingizi. Si ua la dukani hilo. Ni la mbuga hizi hizi za Iowa, lilikuwa hapa kabla babu zetu hawajaja na majembe yao. Mbegu alizilaza kwenye friji majira yote ya baridi, ndani ya mchanga mbichi, kando ya matango yangu ya siki, eti bila baridi haziamki. Halafu miaka mitatu ya majani matupu. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, lina vitumba.

Maagizo: nisilimwagilie, nisilitie mbolea, nisiliguse. Nikamuuliza, sasa kazi yangu ni ipi? Akasema, "Kulitazama, Gaylen. Kwa mbali." Akaongeza kwamba nikiliharibu nisimwite mke tena. Alicheka aliposema hivyo. Mdomo ulicheka, macho hapana.

Jumamosi ya kurudi kwake, akina mama wa kanisa watapita nyumba kwa nyumba kukagua maua ya asili. Watakaowapendeza wanawekewa kibao cha sifa mbele ya nyumba. Na jirani yetu Lavonne Huisman, ng'ambo ya uzio, la kwake limeshachanua. Rangi ya chungwa, linawaka! Letu bado kijani.

Jumanne, 2 Julai

Nimelitazama kwa mbali mpaka saa nne asubuhi. Nikashindwa. Nimelima mahindi na soya maisha yangu yote, sijaona mmea uliokataa mbolea. Bandani kulikuwa na nusu gunia la mbolea ya mahindi. Nikalitilia kiganja kimoja. Halafu kingine, kwa usalama. Na ndoo ya maji ya kuteremshia.

Nikaenda ghala la ushirika kunywa kahawa na wazee wenzangu. Kosa langu, nikawasimulia. Walicheka mpaka Verlyn akajimwagia kahawa. Wakanikumbusha kwamba utotoni tulipita kwenye soya na majembe, jua la utosi, tukifyeka magugu ndugu za ua hilo mstari kwa mstari, na leo nalibembeleza kama kitoto kichanga. Verlyn akauliza kama nitaanza kulea na mbigili. Wapuuzi! Wao hawana Marlys.

Jumatatu, 8 Julai

Limerefuka. Limerefuka mno! Laini, halina mgongo, limelala chini kama mlevi. Nimelisimamisha kwa fimbo ya gofu na soksi ndefu ya Marlys. Majani ya chini yamegeuka manjano. Nikaongeza maji. Manjano yakapanda. Nikaongeza mbolea.

Lavonne alichungulia juu ya uzio akauliza kwa sauti tamu, mgonjwa anaendeleaje? Nikamjibu kwamba nyumba hii haina mgonjwa.

Alhamisi, 11 Julai

Viwavi! Wana milia nyeusi, manjano na nyeupe, wanene, wanatafuna majani ya Marlys mchana kweupe bila aibu. Niliona giza. Sumu ninayo bandani. Lakini hapo nikapata wazo, na sijui kwa nini watu hawanisifu kwa akili hizi. Nikawaokota mmoja mmoja, nikawatia kwenye kopo la kahawa. Lavonne alipokwenda mazoezi ya kwaya, nikavuka uzio nikawamimina wote kwenye ua lake. Kuleni! Shibeni!

Lavonne akarudi mapema, kasahau miwani. Akanikuta nimepiga magoti kwenye bustani yake. Akauliza natafuta nini. Nikasema kofia. Akasema, "Gaylen, kofia si hiyo kichwani?" Nikamshukuru, nikajiondokea na heshima zangu zote.

Ijumaa, 12 Julai

Mvua. Vitumba vimeanguka. Vyote! Nimejaribu gundi. Haishiki.

Marlys kapiga simu. Jasho likanitoka mpaka kwenye masikio. Nikamwambia ua linapendeza. Akauliza kama lina viwavi. Nikajibu kwa fahari: hata mmoja! Halafu akasema, "Ajabu." Nadhani amefurahi.

Nimechomoa maua ya plastiki ya meza ya chakula, yana rangi ile ile, nikayafunga kwa waya. Ukisimama barabarani ukafumba jicho moja, hujui. Lakini kesho! Mungu wangu, kesho.

Jumamosi, 13 Julai

Nani angejua? Akina mama hawakuja kwa ajili ya maua! Kwa Lavonne walipiga magoti na vioo vya kukuzia, wakawatafuta viwavi. Kumbe wale ndio wanaogeuka vipepeo wakubwa wa rangi ya chungwa, hawali kitu kingine ila majani ya ukoo huu, na siku hizi wamekuwa adimu. Ndio hao Marlys alikuwa akiwangoja miaka yote. Mama mmoja alitokwa na machozi. Lavonne akasema mwaka mzima hajaona hata mmoja, hajui wametoka wapi. Akanitazama. Akaitazama kofia yangu.

Kwetu mwenyekiti wao aliinama akanusa. Akanusa tena. Akasema linanukia supu ya kuku, ile ya mezani kwetu.

Na Marlys akashuka garini wakati huohuo. Akaiona fimbo ya gofu, akaiona soksi yake, akayaona ya plastiki. Hakupiga kelele. Heri angepiga! Kule kwa Lavonne walikuwa wanagongomea kibao na kushangilia. Akauliza kwa upole viwavi wale walianzia wapi. Nikamwambia. Akakaa kwenye ngazi na mkoba wake mapajani. Sijawahi kumwona hivyo tangu tuoane. Niliumia jamani, niliumia kweli.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada Marlys alikwenda kwa Lavonne, wakakaa wawili wakiwatazama viwavi wakila. Alirudi kalainika kidogo. Akakata lile shina, akatupa plastiki. Akaniambia shina si kitu. Mzizi wake ni mmoja, mnene, umezama chini kuliko ujinga wangu, na ukiachwa utachipua mwakani. Ila haupendi kuguswa. Ukikatika, ndio basi, hakuna ua tena. Akanikazia macho. Nikaapa. Akanipa kipande cha pai ya rubabu, mashina yale machachu ya bustanini; kidogo, lakini pai. Akaenda kujinyoosha.

Nimesamehewa! Nimekaa barazani roho kwatu. Kisha nikaanza kuwaza. Mbolea yote ile. Maji yote yale. Na kama mzizi umeoza huko chini, naye hajui? Atangoja mwaka mzima bure, maskini mke wangu, baada ya wema wote alionitendea leo. Hapana. Siwezi kumfanyia hivyo. Nikachukua koleo. Nimechimba pembeni kabisa, polepole, nione tu kama ni mzima.

Kuna kitu kimelia ka! Nadhani ni jiwe.